Unywele wa alumini

Tulipofungua kile kipande cha bomba la mtambo wa umeme, nilichokuwa nikikitafuta nilikikuta sehemu ya chini kabisa: unywele wa alumini usiozidi milimita 4, mwembamba kiasi kwamba nilizuia pumzi nisije nikaupeperusha. Nadhani ulichunwa na bolti iliyokazwa kwa haraka siku ya kuunganisha.

Jana yake, wakati wa majaribio ya kituo kimoja cha kupozea umeme cha kilovoti 132, tulikuwa tumeusikia. Kihisi cha sauti kilichobandikwa nje ya bomba kilitoa milio isiyo na mpangilio, mfano wa punje za mchele zinazodondokea sinia moja moja, na fundi mwenzangu alipovua visikizi aliniambia tu, "Humo ndani kuna mtu."

Katika mitambo ya aina hii, waya wenye umeme hupita katikati ya bomba la metali lililounganishwa na ardhi, na nafasi iliyobaki hujazwa gesi ya SF6 (salfa heksafloridi) iliyoshindiliwa. Kwa kuwa gesi hiyo, ikiwa na kanieneo sawa na ya hewa, huhimili umeme takribani mara 2.5 zaidi, mafundi huweza kubana ndani ya ukumbi mmoja mitambo ambayo nje ingetaka kiwanja kizima. Ubanaji huo ndio unaoipa chembe ndogo nguvu isiyostahili. Ikiwa imelala sakafuni mwa bomba, chembe hupata chaji, na nguvu ya umeme ikishinda uzito wake husimama wima, huruka, huanguka, hutoa cheche ndogo na kuruka tena. Siku itakapoukaribia waya wa katikati, hitilafu kubwa inaweza kutokea.

Wapo wanaoamini kwamba mtambo uliostahimili jaribio la radi ya kuigiza ni safi, nami sikubaliani nao. Pigo hilo hupita kwa makumi ya mikrosekunde (sehemu za milioni za sekunde), muda usiotosha chembe iliyolegea hata kujinyanyua, ingawa ni zuri kwa kufichua ncha kali iliyoganda mahali pamoja. Chembe inayotembea hufichuliwa na umeme wa hezi 50, ule wa kawaida wa gridi, unaopandishwa volti hatua kwa hatua, ambao pia huweza kuisukuma hadi kwenye mtego uliotengenezwa makusudi, mahali ambapo uga wa umeme ni dhaifu.

Unywele wetu haukuingia mtegoni, ikabidi tufungue. Kwanza gesi yote ilifyonzwa na kurudishwa kwenye mitungi, maana kilo 1 ya SF6 ikiachwa angani hupasha dunia joto kuliko kilo 23,000 za kaboni dioksidi katika miaka 100. Kisha tukafuta, tukafunga, tukavuta ombwe, tukajaza upya.

Unywele wenyewe nimeuhifadhi katika kichupa cha dawa, nami huwapa vijana wapya wakishike. Wengi huniuliza mbona kichupa ni kitupu.