Siku Moja Maishani Mwangu: Napima Chakula Kijijini Iitate, Fukushima

Saa 2 asubuhi
Nafungua chumba cha vipimo na kuwasha mashine ya kupima mionzi kwenye chakula. Iitate, hapa Japani, iko kilomita 40 hivi kutoka kinu cha nyuklia cha Fukushima Daiichi. Ajali ilipotokea Machi 2011, watu wa pwani walikimbilia kwetu tukawapokea. Tarehe 15 upepo ukageukia huku, mvua na theluji vikatuteremshia sesiamu, chembe zenye mionzi zilizovuja kinuni. Tukaja kuhamishwa na sisi. Agizo la kuhama liliondolewa sehemu kubwa ya kijiji tarehe 31 Machi 2017. Waliorudi ni wachache, wengi wao wazee.

Saa 3
Mzee mmoja ameleta figili za bustanini. Nazikatakata vipande vidogo sana, nashindilia kwenye chombo, nakiweka ndani ya kasha zito la madini ya risasi linalozuia mionzi ya nje, halafu tunasubiri. Safi. Mashamba yetu yalikwanguliwa udongo wa juu, kama sentimita 5 hivi, na mboga zake mara nyingi hazina shida.

Saa 5
Bibi mmoja, jirani yangu, ameingia na kikapu cha uyoga. Ameufunika kwa majani ya msonobari, bado una harufu ya mlima. Kikomo cha sheria ni bekereli 100 (bekereli ni kipimo cha mionzi) kwa kilo. Mashine imepita elfu moja.

“Mwanangu, pima tena.”

Nimepima tena, ingawa nilijua jibu. Misitu haikusafishwa ila ukingo wake ulio karibu na nyumba, na sesiamu-137 huchukua miaka 30 kupungua nusu. Inazunguka tu humo: majani yanaanguka, yanaoza, uyoga unaifyonza. Bibi huyu alifundishwa mlima ule na mama mkwe wake, anajua kila mti unaoota uyoga chini yake. Wakisema tumerudishiwa kijiji, naona wamesahau nusu yake. Huku watu walikula msituni vizazi kwa vizazi, na hasara hiyo inastahili kuhesabiwa kama ya nyumba na ng'ombe.

Amekubali niutupe. Kisha amekaa, tukanywa chai.

Saa 8 hadi 10
Viazi, maboga, nyama ya nguruwe pori. Nyama imekataliwa.

Saa 11
Nabandika matokeo ukutani, kila mlima na namba yake, ili mtu ajue kabla hajapanda. Bibi amepiga simu: je, njugu za mti ulio nyuma ya nyumba yake? Nimemwambia azilete Jumatatu.