Rada ya Reli Niliyoijenga Hombolo Kufuatilia Unyevu wa Udongo

Nilitaka kujua jinsi udongo wa shamba la zabibu la Hombolo, nje ya mji wa Dodoma, unavyokauka baada ya mvua. Picha za Sentinel-1, setilaiti za rada za Ulaya, hazikunitosha, kwa kuwa setilaiti moja hurudia njia yake kila baada ya siku 12, ilhali udongo wa juu hapa kwetu hukauka ndani ya siku chache tu. Ndipo nilipoamua kujenga rada ya kupiga picha, yaani chombo kinachotuma mawimbi ya redio na kupokea mwangwi wake, nikiwa chini, kandokando ya shamba.

Nilitumia masafa ya gigahezi 2.4, ambayo mawimbi yake yana urefu wa sentimeta 12.5. Antena husogezwa kidogo kidogo juu ya reli, kisha kompyuta huunganisha vipimo vyote kana kwamba vimechukuliwa na antena moja yenye urefu wa reli nzima. Reli yangu ilikuwa ya meta 3, nami nilipima kila baada ya sentimeta 3, jumla vituo 101.

Umbali wa meta 40 nilisimika kiakisi, yaani mabati matatu yaliyokutana kwa pembe mraba, ambacho kwenye picha kilipaswa kuonekana kama nukta moja. Kilitoka doa lililotapakaa. Kwa wiki tatu nilitafuta kosa kwenye programu bila kulipata, hadi fundi aliyenichomelea reli alipopita, akafunga uzi wake wa kujengea kutoka ncha hadi ncha, akachuchumaa, akafumba jicho moja.

"Mwalimu, chuma kimepinda."

Katikati, reli ilikuwa imebinuka kuelekea shambani kwa sentimeta 2. Kwa kuwa wimbi huenda na kurudi, kosa hilo huwa sentimeta 4, karibu thuluthi ya urefu wa wimbi, na hilo latosha kabisa kuivuruga picha. Sikuinyoosha reli, nilipima mpindo wa kila kituo kutoka kwenye uzi, nikauingiza kwenye hesabu. Kiakisi kikawa nukta, na nyuma yake shina la mbuyu likajitokeza waziwazi. Nilifurahi mno.

Mvua ya kwanza iliponyesha mwezi Desemba, nilipiga picha kila saa. Udongo wenye maji hurudisha mwangwi mkubwa kuliko mkavu, hivyo shamba liling'aa usiku ule, kisha likafifia siku hadi siku, huku nukta ya kiakisi ikibaki na mwanga uleule.