Pata isiyopata

Mwaka 2013 nilinunua fimbo moja ya gofu kwa shilingi elfu themanini, nikaisimamisha kando ya kitanda na kuitazama mpaka usingizi ukanichukua. Ilikuwa pata, ile fimbo ya kusukumia mpira shimoni ukishafika grini, zile nyasi fupi zinazozunguka shimo. Kichwa chake kilikuwa kinene, nusu duara, kina mistari myeupe mgongoni. Makedi wenzangu wa Moshi, sisi wabeba mifuko ya wachezaji, walikipa jina siku hiyohiyo: pasi ya mkaa. Sikujali. Aliyeniuzia alikuwa ameapa kwamba hiyo haikosi.

Nilikosa miezi minne.

Tena nilikosa upande mmoja tu, kulia. Futi nne, kulia. Futi sita, kulia. Shimo la gofu lina upana wa milimita 108, kikombe cha chai kinazama humo, lakini mpira wangu ulipita pembeni kama mwenye deni anavyopita duka la Mangi. Nikasingizia umande, nikasingizia nyasi, mwishowe nikasema mpira unaukimbia mlima. Basi asubuhi moja Kibo ameng'aa peupe, nikapiga nikimwelekea, kisha nikapiga nikimpa mgongo. Mipira yote ikaenda kulia. Mlima ukatoka kwenye kesi.

Kulikuwa na kedi mmoja mkongwe, sote tukimwita Meku. Aliponiona ninaiangalia ile fimbo kwa chuki, akaniita.

"Shikamoo, Meku."

"Marahaba. Lete hiyo pasi yako."

Akailaza juu ya kidole kimoja mpaka ikatulia bila kuanguka. Uso wa kichwa ukatazama juu, kama sinia mezani. Kisha akatoa pata yake, nyembamba, imechubuka, ya umbo lile ambalo Karsten Solheim wa Ping, kampuni ya fimbo za gofu, alilibuni mwaka 1966 na wengine wakaliiga mpaka leo. Akailaza vilevile. Hii haikutazama juu. Pua yake iliinama kuelekea chini.

"Yako uzito wake umekaa sawa na mpini, haipendi kugeuka. Ni ya mtu ambaye mkono wake unakwenda nyuma na kurudi mbele kwenye mstari mmoja. Wewe unapiga hivyo?"

"Ndiyo, Meku," nikajibu bila haya.

Hakubishana. Alichomeka vijiti viwili ardhini, akafunga uzi katikati, mpira akauweka chini ya uzi. Nikapiga polepole. Kichwa cha fimbo kikaacha uzi mapema, kikaja upande wa miguu yangu, kikarudi. Nikarudia nikijikaza kwenda sawasawa. Mabega yakakakamaa, nikapiga nyasi.

"Mkono wako ni mlango, mwanangu. Unafungua vizuri. Hii pasi inachelewa kufunga, mpira unatokea kulia."

Mimi nadhani ule mlango niliutoa shule ya msingi, kwenye fyekeo. Miaka saba ya kufyeka uwanja kila mara tulipochelewa namba, mkono utajifunza nini kingine? Meku alicheka, lakini hakukataa.

Akanigundulia na jingine: fimbo ilikuwa ndefu kwangu. Alinishikisha mpira kwenye ngozi ya chini ya jicho, nikauachia ukaanguka. Ukatua karibu na vidole vya miguu, mbali na ule wa kupigwa. Kama ingekatwa inchi moja, hilo lingepona. La mlango lisingepona kwa msumeno.

"Chukua yangu mpaka Jumamosi," akasema.

Nilipiga mipira kumi kutoka futi sita. Sita ikaingia, mmoja ukafia njiani. Mitatu ikakosa kushoto, kwa kuwa miezi yote ile nilikuwa nimejizoeza kulenga kushoto bila kujijua. Kushoto! Nikarusha kofia juu na kupiga kelele. Meku akageuka kutazama shimo, akahesabu mipira iliyokuwa nje, kisha akanitazama mimi kama mtu aliyepigwa na jua.