Kompresa Iliyohukumiwa Kabla ya Kupimwa

Mwezi wa Februari mwaka 2013, wakati kaskazi inavuma na joto la Tanga halipungui hata usiku, nilifuatana na fundi mzee aliyekuwa akinifundisha kazi ya majokofu na viyoyozi hadi kwenye duka moja la dawa lililo karibu na bahari. Kiyoyozi cha duka hilo, cha BTU 18,000, kilikuwa kikipuliza hewa ndani kama kawaida, lakini mashine ya nje haikuwaka kabisa. Fundi aliyetangulia alikuwa amekwisha kutoa hukumu kwamba kompresa, yaani pampu inayosukuma gesi ya kubaridisha, imekufa na inapaswa kununuliwa nyingine, na karatasi yake ya makadirio ilikuwa bado juu ya kaunta, ikiwa na bei iliyokaribia kabisa ile ya kiyoyozi kipya.

"Shikamoo, mzee wangu," mfamasia alimsalimu.

"Marahaba, mwanangu. Pole na joto. Ilianzaje kugoma?"

Alieleza kwamba kwa majuma kadhaa mashine ilikuwa siku nyingine inawaka na siku nyingine haiwaki, mpaka ikanyamaza moja kwa moja. Kipimajoto cha ukutani kilionyesha nyuzi 32, ilhali maboksi mengi ya dawa yaliyokuwa rafuni yameandikwa kwamba yasiwekwe penye joto linalozidi nyuzi 30. Insulini ilikuwa salama ndani ya friji. Kilichomkosesha mama yule mfamasia usingizi ni vidonge, marhamu na dawa za maji za watoto. Mzee alimsikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Kompresa iliyoungua haiungui leo ikapona kesho."

Alianza na rimoti. Alihakikisha imewekwa kwenye kubaridisha, akashusha nyuzi hadi 18, akasubiri zaidi ya dakika 3, kwa kuwa viyoyozi vingi huchelewesha kompresa kwa muda kama huo ili mgandamizo wa gesi usawazike kabla haijaanza tena. Tukasikia mlio mdogo wa relei, swichi ndogo ya umeme, ndani ya mashine ya ukutani, ishara kwamba ndani amri imetolewa. Nje, kimya. Feni haikuzunguka, wala kompresa haikunguruma. Kimya hicho kilikuwa na maana kubwa kwake: kapasita ya kompresa (kifaa kinachohifadhi chaji na kuisaidia kompresa kuanza) ikichoka, kwa kawaida feni huzunguka na kompresa hunguruma bila kuanza; lakini vyote viwili vikilala kwa pamoja, fundi anapaswa kwanza kuutafuta umeme umeishia wapi.

Tulizima breka na swichi ya ukutani, tukafungua kifuniko. Kabla ya kuruhusu mkono wangu uingie, aliiondoa chaji ya kapasita kwa rezista aliyoifunga kwenye nyaya mbili zenye vishikio vya plastiki, kisha akathibitisha kwa mita kwamba haina kitu, kwa sababu kapasita inaweza kumpiga mtu hata breka ikiwa imezimwa. Kapasita iliandikwa mikrofaradi 50. Mita ilisoma 48.6, nayo ni nzima. Tukachomoa nyaya za kompresa tukapima ukinzani wa umeme kati ya pini zake tatu, komoni (ya pamoja), rani (ya kuendeshea) na stati (ya kuanzia): komoni na rani zilitoa omu 1.4, komoni na stati omu 2.3, rani na stati omu 3.7, yaani jumla ya zile mbili za kwanza, kama inavyotakiwa. Kati ya pini na bodi ya chuma mita haikusoma chochote, hivyo hakukuwa na koili iliyogusa bodi. Hapo karatasi ile ya kaunta ilipoteza uzito wake wote. Hata leo sielewi mtu anaweza vipi kumtoza mwenzake pesa za kompresa bila kuzigusa pini hizo tatu.

Tuliporudisha umeme, volti 229 zilikuwa zikiingia kwenye kontakta, yaani swichi kubwa inayofungwa kwa sumaku ya koili yake, bila shaka yoyote, lakini kontakta haikuvuta. Waya mwembamba unaoleta amri kutoka ndani ulipopimwa kwenye koili ya kontakta ulionyesha volti 41 tu. Mzee alizima, akauchomoa waya huo kwenye koili, akawasha na kuupima ukiwa huru: volti 229. Naona hapa ndipo wengi hupotea, kwa maana mita hutumia umeme kidogo mno, na waya wenye kiungo kibovu unaweza kuonyesha volti kamili maadamu haujabebeshwa kazi. Ukiupa koili uivute, volti karibu zote huishia kwenye ule ubovu, na kontakta haipati nguvu ya kufunga.

Tukaufuata waya ukutani, sehemu kwa sehemu. Chini kidogo ya dirisha, mahali ambapo mvua hupiga na upepo wa bahari hufika bila kizuizi, tulikuta kiungo kilichosokotwa kwa mkono na kufungwa tepu ambayo gundi yake ilikuwa imekauka. Mzee alipoibandua, shaba ya ndani ilikuwa imegeuka kijani, na nyuzi zake nyingi zikakatika zenyewe zikamwagika kiganjani mwake kama unga. Chumvi ilikuwa imeila pole pole, na hilo lilifafanua zile siku za kuwaka na kutowaka.

Hakutaka kuunga upya. Alinituma nikanunue waya mzima wa kutoka ndani hadi nje pamoja na bomba la plastiki la kuupitishia, na kazi ya kuulaza ikachukua muda mrefu kuliko upimaji wote. Tulipowasha, kontakta ilifunga kwa kishindo, feni ikazunguka, kompresa ikaanza. Mita ya kubana waya ilisoma ampea 7.6, chini ya 8.1 zilizoandikwa kwenye kibandiko cha mashine, na bomba nene lililotoka ndani likaanza kutoa jasho la ubaridi. Gesi ilikuwamo. Mfamasia aliuliza kama aendelee kuiagiza ile kompresa angalau iwe akiba. Mzee akamwambia aizuie pesa yake, ila tepu isifungwe tena kwenye ukuta ule. Tulisubiri mpaka kipimajoto cha duka kikashuka chini ya nyuzi 26, ndipo tukakusanya vifaa vyetu.