Moto Haukopeshwi

Nimezaliwa Njombe, na nilidhani baridi naijua. Kwetu mwezi wa sita na wa saba unaamka unakuta nyasi zimekuwa nyeupe kwa barafu, na majani ya viazi yameungua kama yaliyopitiwa na moto. Ndiyo maana Mama Mkuu aliponiita na kunieleza kuwa shirika linanituma Mongolia, sikuuliza habari ya hali ya hewa. Niliuliza lugha. Nilikuwa na miaka 26, nadhiri zangu za kwanza bado mpya. Parokiani nilikuwa nafundisha watoto wa komunyo ya kwanza na kuimbisha kwaya, na kila aliyenifahamu alijua kuwa maneno hayanipigi chenga. Nilijua ninakwenda na nini: mdomo wangu na imani yangu.

Nilitua Ulaanbaatar, mji mkuu wa Mongolia, Januari 2023, baada ya kubadili ndege Istanbul. Uwanja wa ndege uko kama kilometa 50 nje ya mji, katika bonde lisilo na mti hata mmoja. Nilipotoka mlangoni nilivuta pumzi, na vinyweleo vya ndani ya pua vikakakamaa papo hapo. Kope zikaanza kunatana. Sista Mkorea aliyekuja kunipokea, ambaye ndiye mkuu wa nyumba yetu, akanifunga skafu hadi chini ya macho kama mama anavyomfunga mtoto mgongoni. Ndani ya gari kipimajoto kilionyesha nyuzi 31 chini ya sifuri. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua linawaka.

Tunakaa katika mitaa ya pembezoni, kule kwenye vilima, ambako watu waliohama kutoka mbugani walikokuwa wakifuga wamejenga uzio wa mbao na kusimika ndani yake ger, hema la duara lenye kuta za sufu nzito. Bomba la maji halifiki. Kila familia inakwenda kwenye kibanda cha maji na madumu juu ya kigari, na ukirudi maji yaliyomwagika juu ya dumu yamekuwa barafu. Moshi wa makaa ya mawe unalala juu ya mtaa asubuhi na jioni. Serikali ilipiga marufuku makaa ghafi mjini mwaka 2019, sasa watu wanachoma yaliyosagwa na kushindiliwa, lakini moshi bado upo na koo linajua.

Kanisa lenyewe pale ni changa kuliko kaka yangu. Wamisionari watatu wa kwanza waliingia mwaka 1992, baada ya ukomunisti kuanguka, na padre wa kwanza mzalendo alipewa daraja mwaka 2016. Wakatoliki nchi nzima hawafiki 1,500. Parokia yangu ya nyumbani ina watu zaidi ya hao Jumapili moja ya Pasaka. Sisi kazi yetu ni kupokea watoto wa mtaa baada ya shule katika ger iliyo uani kwetu: wanakula, wanafanya mazoezi yao ya shule, wanacheza penye joto. Dini hatuwafundishi pale, kwa sababu sheria inataka ridhaa ya mzazi, na tunaiheshimu.

Usiku wa kwanza nilimuuliza mkuu wangu nitaanza na kazi gani. Akasema, "Utawasha jiko."

Niliumia, sitaficha. Nilikuwa nimesafiri nusu ya dunia nikiwa na daftari la nyimbo na masomo niliyotayarisha miezi mitatu. Lakini kazi ilikuwa hiyo: kila siku kabla ya watoto kufika, ger iwe imepata joto. Na sikuiweza. Mimi niliyekua napuliza moto wa mafiga tangu nina miaka sita, nilishindwa na jiko la bati lenye bomba la moshi. Makaa yale hayashiki kwa karatasi. Yanataka vibanzi vya kuni vilivyokauka kweli, vipangwe kwa kupishana, makaa yawekwe kidogo kidogo, na kile kizibo cha bomba kifunguliwe wakati wake na kupunguzwa wakati wake. Siku ya tatu nilikibana mapema mno nikitaka kuokoa joto. Kengele ya hewa ya sumu iliyotundikwa ukutani ikalia, kichwa tayari kinanigonga, na Sista akaingia mbio akafungua mlango wote. Hakunigombeza. Mimi ndiye niliyelia, kwa sababu hata kwetu tumezika watu walioingiza jiko la mkaa ndani usiku wa baridi. Nilijua hewa ile inavyoua bila harufu, na bado nilifanya.

Jioni zile ndizo zilikuwa mbaya. Mongolia imetangulia Tanzania kwa saa tano, kwa hiyo nikimaliza sala za jioni, kule nyumbani ndiyo kwanza wanapika cha mchana. Nilikuwa nampigia mama kila siku. Ananiuliza, "Umekula nini mwanangu?" Namwambia nyama ya kondoo na mafuta yake, na chai ya maziwa iliyotiwa chumvi. Ananyamaza, halafu anasema, "Chumvi?" Baadaye nikikata simu najikuta nimelegea kuliko nilivyokuwa kabla ya kupiga. Wiki ya pili nikaamua: Jumapili tu. Ulikuwa uamuzi mgumu, na mama alihuzunika, lakini nawashauri wenzangu wanaotumwa wafikirie hilo. Nilikuwa nalala Ulaanbaatar na kuishi Njombe.

Lugha nayo ilinifunga kinywa. Inaandikwa kwa herufi za Kisirili. Ina sauti ya "l" inayotoka kwa upepo pembeni mwa ulimi, na irabu zake zinapangana kwa familia, hizi hazichangamani na zile. Darasani nilikuwa naelewa maneno kumi kwa siku na kusahau manane. Mtu aliyezoea kusema, akikaa wiki nzima bila kuweza kusema jambo moja la maana, anaanza kujiona hayupo. Mbele ya Ekaristi nilikuwa namwambia Mungu kwa Kiswahili: umenileta huku nifanye nini, na mdomo umeubakiza Njombe?

Asubuhi moja ya mwisho wa Januari jiko lilizimika kabisa, Sista hayupo, na watoto wanafika baada ya saa moja na nusu. Kibiriti kilikuwa kimebaki njiti mbili, zote zikaisha. Nikafanya kile ambacho mtoto yeyote wa kwetu angefanya. Nikachukua upawa wa chuma nikaenda kwa jirani kuomba moto.

Pale hodi haipigwi kama kwetu. Unasimama getini unapaza sauti, "Nokhoi khor!" yaani mshikeni mbwa. Ndiyo sentensi ya kwanza ya Kimongolia niliyoisema kwa kuihitaji kweli. Akatoka bibi mfupi, uso umepasuka kwa upepo, akaniingiza. Nikakumbuka nisikanyage kizingiti. Nikamwonyesha upawa, nikamwonyesha jiko lake linalowaka vizuri, nikajaribu neno nililolijua: gal, moto.

Akautazama upawa, akatikisa kichwa. Hapana.

Nilishtuka. Kwetu kumnyima mtu kaa la moto ni kumwambia kuwa wewe na yeye si majirani. Lakini bibi hakuniacha nisimame na aibu yangu. Alivaa deel yake, lile joho refu la kufungwa mshipi, akachukua kibiriti na fungu la vibanzi, akanishika mkono tukatoka wote. Akapiga magoti mbele ya jiko letu, akayatoa makaa yangu yote, akaanza upya, polepole, akinitazama kila hatua kuona kama nimeona. Mod, kuni. Nüürs, makaa. Us, maji, maana alitaka sufuria ya chai iwe juu tayari. Moto ulipokubali, akanimiminia chai kutoka kwenye chupa yetu wenyewe, kana kwamba mimi ndiye mgeni. Nikapokea kwa mkono wa kulia, wa kushoto nimeuweka chini ya kiwiko, kwa sababu ndivyo nilivyolelewa. Bibi akaukazia macho ule mkono. Kisha akainua wake, akanionyesha: nao hupokea hivyohivyo.

Baadaye, nilipopata maneno, alinieleza kuwa kwao moto wa jiko ni wa nyumba ile na hautolewi nje. Hatupi takataka ndani yake, haelekezi kisu kwake. Anaweza kumpa jirani kuni, mikono yake na asubuhi yake nzima, ila si kaa. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi kuliko mahubiri mengi niliyosikia.

Tangu siku ile alikuja kila asubuhi kwa karibu wiki tatu. Mimi nilijifunza Kimongolia pale chini, magotini, kuliko darasani. Kitu nilichokishika na kikaniunguza hakikusahaulika. Nikaanza kuandika majina ya vitu kwenye vipande vya karatasi na kuvibandika: mlango, koleo, ndoo, majivu. Watoto wakagundua, wakawa wananisahihisha tahajia kwa furaha kubwa, na mimi nikawafundisha kuhesabu moja hadi kumi. Bibi alinifundisha pia mambo madogo ya kuishi: soksi za sufu ya ngamia, mafuta mazito usoni badala ya losheni, na kutogusa komeo la chuma kwa mkono uliolowa.

Mwishoni mwa Februari ilikuwa Tsagaan Sar, mwaka mpya wao. Tulikwenda kumsalimia. Pale mdogo hunyoosha mikono yote miwili na kuishika ya mkubwa kwa chini, kwenye viwiko, amtegemeze. Mimi, mtoto wa watu wanaopiga goti kusema kamwene, salamu yetu, sikuhitaji kufundishwa maana yake. Nilimtegemeza, akaninusa shavu, tukala buuz, vifuko vya unga vilivyojazwa nyama ya kondoo na kupikwa kwa mvuke, hadi nikashindwa kuinuka.

Machi akaugua mafua makali. Mjukuu wake, mmoja wa watoto wetu, alikuja kunigongea kabla hakujapambazuka. Nikaenda. Bibi alikuwa amelala chini ya mablanketi, jiko limepoa. Nilisimama sijui kama nina ruhusa, maana jiko lile halikuwa langu. Akasema kutoka kitandani, sauti imekauka, "Gal."

Nikapiga magoti. Vibanzi kwa kupishana, makaa kidogo, kizibo wazi. Hakuniambia neno jingine, alinitazama tu. Moto ulipokubali nikaweka chai, nikatia chumvi, nikamwinua, nikampa bakuli kwa mkono wa kulia.