Mkataba, mikataba na kisanduku cha kusachi cha ofisini kwenu

Ukipita maofisini huku Dar, Posta, Upanga mpaka Mikocheni, lalamiko ni lile lile, huu mfumo wa nyaraka hausachi kitu. Ofisi imelipia SharePoint au imesimikiwa Alfresco, yaani programu za kutunza na kusachi nyaraka, mafaili yakahamishwa kutoka kwenye seva ya zamani, watu wakapewa semina ya asubuhi moja na chai na sambusa, na baada ya hapo kila mtu karudi kwa dada wa masjala, "dada samahani, nitafutie ile barua ya bima ya mwaka juzi", na dada wa watu anaipata, kwa kichwa tu, wakati mfumo wa mamilioni unaleta matokeo kibao na barua yenyewe haimo.

Mi naitwa sana kwenye hizi kesi, na nikifungua kwa ndani karibu kila mara nakuta injini ya kusachi ni nzima kabisa. Haijasetiwa tu. Aliyesimika aliacha kila kitu kama kilivyotoka kiwandani, akachukua cheki yake akaondoka zake. Na hizi injini si za kitoto jamani. Microsoft, wenye SharePoint, waliinunua FAST, kampuni ya injini za kusachi ya Norway, mwaka 2008 kwa dola kama bilioni 1.2, na kuanzia SharePoint ya 2013 teknolojia yao ndo imo mle ndani. Alfresco kwa miaka mingi imetumia Solr, injini ambayo Yonik Seeley aliianza akiwa kampuni ya CNET mwaka 2004 juu ya Lucene, programu ya msingi ya kusachi ya Doug Cutting. Kwa hiyo nguvu ipo, ukitaka kulaumu laumu sehemu nyingine.

Kinachowachanganya watu ni Google. Google ilipanda chati kwa kuangalia kurasa zinavyoelekezana kwa linki, ukurasa unaoelekezwa na wengi unapewa heshima unakaa juu. Sasa niambie nani anaweka linki kwenda kwenye invoisi? Nyaraka za ofisi kila moja iko kivyake, hamna inayoipigia kura mwenzie, hivyo injini inabaki kutegemea zaidi maneno yaliyomo ndani ya faili na maelezo mliyoyajaza pembeni, yaani aina ya hati, mteja, tarehe, namba. Maelezo hamkujaza, na maneno hayasomeki, basi mnataka iwaletee kwa uganga?

Na kuhusu kutosomeka sitanii. Chukua kampuni ya kutoa mizigo bandarini, jalada la mzigo mmoja tu lina TANSAD (ile hati ya forodha), bili ya shehena, invoisi, risiti za mashine ya EFD, barua za kwenda na kurudi na wakala wa meli, na vyote hivyo vimepigwa mhuri, vimesainiwa, vikaskaniwa. Macho yako yanaona maandishi, kompyuta inaona picha. Jina la faili nalo ni Scan0034 kama lilivyotoka kwenye mashine. Hapo lazima kwanza upitishe mafaili kwenye programu ya kugeuza picha kuwa maandishi, na hata hela ya leseni si lazima, Tesseract ni ya bure na ina data ya Kiswahili. Haisomi vizuri chini ya mhuri wa bluu uliokolea, hilo nikubali, ila kurasa nyingi inazipata.

Haya, sasa tuje kwenye kitu ambacho miongozo ya wazungu haitakuambia, na ndicho kinachotuumiza zaidi sisi. Kwenye SharePoint unaweza kutumia nyota kumalizia neno, ukiandika contract* inakuletea kila kinachoanza hivyo. Nyota inakubali mwishoni tu, mwanzoni haikubali. Kwa Kiingereza inatosha sana kwa sababu maneno yao yanabadilika mkiani. Sisi yetu yanabadilika kichwani! Mkataba, mikataba. Kibali, vibali. Mzigo, mizigo. Ukisachi kibali, barua iliyoandikwa "vibali vyote vya ujenzi" haiji, na hakuna nyota ya kukuokoa. Vitenzi ndo usiseme, amelipa, walilipwa, hatujalipwa, injini inaona maneno matatu ambayo hayajawahi kukutana. Lucene ina vichambuzi vya lugha kibao, vya kutambua sura tofauti za neno moja, Kiswidi, Kibengali, Kiindonesia, mpaka Kibaski kipo, Kiswahili kwenye orodha yake ya kawaida hamna. Watu zaidi ya milioni mia tunaongea hii lugha, sijui tunasubiri nani atutengenezee.

Dawa kamili hakuna, ila kupunguza maumivu inawezekana. Kwenye Solr kuna faili la visawe, linaitwa synonyms.txt, unaandika mstari mmoja "mkataba, mikataba, contract, agreement" na kuanzia hapo yote manne yanahesabika kama neno moja. Ofisi za Dar ndo maisha yetu hayo, barua ya Kiswahili, kiambatanisho cha Kiingereza. SharePoint ya kwenye seva yenu wenyewe nayo inakubali kuingizwa faili la visawe. Ile ya mtandaoni haina mlango huo, ila lugha yake ya maswali ina WORDS, unaandika WORDS(mkataba, mikataba) na inayachukua kama visawe. Mfanyakazi wa kawaida hawezi kuandika hivyo kila siku, na usimlazimishe. Mi kazi yangu huwa nakaa na dada wa masjala nusu siku na daftari, tunaandika maneno ambayo watu wanakuja nayo dirishani kwake. Yule ndo kamusi ya ofisi. Ofisi inayompunguza kazi kwa sababu "sasa tuna mfumo" mi naishangaa sana.

Ila uponyaji mkubwa uko kwenye safu, zile kolamu za kwenye maktaba ya nyaraka. Ukishakuwa na kolamu ya aina ya hati yenye orodha ya kuchagua, sio ya kuandika kwa mkono, habari ya mkataba na mikataba inapungua nguvu yenyewe maana mtu anachuja kwa kubonyeza. Na hapa ndo watu wengi wanakwama kwa hiyo nitaenda taratibu.

Ukitengeneza kolamu, kichujio hakitokei chenyewe. Roboti ya kukusanya, wenyewe wanaiita kroli, inapita inasoma, inaokota kolamu yako kama propati ghafi, yaani taarifa ambayo bado haijapangiwa kazi, jina lake linaanza na ows_. Haiiokoti kama hakuna hata hati moja iliyojazwa, kwa hiyo jaza kwanza mbili tatu. Halafu unaingia kwenye skima ya utafutaji, ule ukurasa wa mipangilio ya kusachi, unaiunganisha ile ghafi na propati rasmi, ile ambayo injini inaitumia kusachi. Kwenye SharePoint ya mtandaoni propati mpya utakayotengeneza mwenyewe haiwezi kuchuja wala kupanga, ndo maana wameacha tayari zile za RefinableString00 mpaka RefinableString199, na za tarehe na namba zipo za kwake. Unachagua moja iliyo wazi, unaunganisha, unaipa jina la utani kama AinaYaHati ili mtu aweze kuandika AinaYaHati:mkataba. Kisha rudi kwenye maktaba ubonyeze ile ya kuomba ipitiwe upya, kisha subiri. Inaweza kuchukua dakika, inaweza kuchukua mpaka kesho, na kule mtandaoni huna kitufe cha kuiharakisha. Mafundi wengi wanapotea hapa, wanasubiri nusu saa, hawaoni kitu, wanaanza kubadilisha tena, wanavuruga kilichokuwa sahihi.

Halafu kamwe usianze kolamu kwa jina lenye nafasi. Ukiandika "Namba ya Kontena" kwa ndani inaweza kuandikwa Namba_x0020_ya_x0020_Kontena na hilo dubwana litakufuata maisha yote. Anza na NambaKontena, hifadhi, halafu ndo ubadilishe jina la kuonekana, la ndani linabaki safi.

Namba zenyewe ni kisanga. Namba ya kontena kwa kiwango cha ISO 6346 ni herufi nne na tarakimu saba, lakini karani mmoja anaiandika imeshikana, mwingine anaacha nafasi, wa tatu anaweka kistari kabla ya tarakimu ya mwisho. Kwa injini hizo ni kontena tatu. Weka sharti kwenye kolamu kwamba lazima iwe na alama kumi na moja tu, herufi na tarakimu kwa pamoja, formula yake ni ya LEN, ile ya kuhesabu urefu, mstari mmoja. Watanuna wiki ya kwanza. Na kumbukumbu namba za barua, zile zenye mikwaju AB/KT/2023/045, injini inazikatakata kwenye mkwaju, ukisachi unaletewa kila kitu cha 2023. Waambie watu waweke alama za kunukuu mwanzo na mwisho wa namba, matokeo yanabana.

Tarehe nayo angalia. Kama mafaili yaliburutwa tu kutoka seva ya zamani kwa brauza, yote yana tarehe ya siku ile ile, na mwandishi wa kila barua tangu kampuni ianzishwe ni kijana wa IT. Kolamu ya tarehe ya barua ni lazima, usitegemee ile ya mfumo.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote ni ripoti ya maswali yaliyokosa majibu. Ipo, na karibu hakuna anayeifungua. Unaona watu wanavyoandika kweli: pediem, perdiem, posho ya safari, selari slip, fomu ya livu. Hapo huhitaji ujuzi wowote, unatengeneza alama ya kudumu (bookmark) kwenye Microsoft Search, kisanduku cha kusachi cha Microsoft, unaipa maneno ya jambo moja pamoja na makosa yake ya tahajia, na mtu akiandika livu fomu ya likizo inatokea juu kabisa. Ofisi nzima itadhani umefanya kazi ya ajabu wakati ni ya muda wa kunywa chai.

Sasa la ruhusa. Injini haimuonyeshi mtu hati asiyoruhusiwa kuifungua. Kuna ofisi moja mfanyakazi aliandika "mshahara" ikatokea eksel ya mishahara ya wote mpaka wakubwa, ikawa vurugu, mkurugenzi akanipigia, "kijana, zima hiyo search leo hii". Nikamwambia mzee, search haijavujisha kitu, folda lenyewe limefunguliwa kwa wafanyakazi wote tangu siku ya kwanza, kilichotokea ni mtu kuliona tu. Kuna kitufe cha kuificha maktaba isitokee kwenye matokeo, nacho ni kizuri kwa rasimu na takataka, lakini kwa mishahara hakisaidii, mwenye linki bado anafungua. Kinachotakiwa ni kufunga ruhusa. Na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ianze kutumika Mei 2023, hiyo si aibu ya ofisini tena.

Siku hizi swali la mwisho kwenye kila kikao ni hili, kwa nini tusinunue tu AI ituulizie nyaraka, tuachane na mambo ya kolamu. Nunueni, siwakatazi. Ila Copilot, msaidizi wa AI wa Microsoft, inasoma indeksi ile ile, yaani orodha ya maneno ambayo injini imeshaikusanya, kwa ruhusa zile zile, kwa hiyo ile eksel ya mishahara itaisoma vizuri tu, tena itakufupishia. Mimi ningeanza na ripoti ya maswali yaliyokosa majibu, wiki hii hii, halafu folda moja moja naangalia nani ana ruhusa, na zile Scan0034 nampa kijana wa field azipitishe kwenye Tesseract usiku kompyuta zikiwa hazina kazi.