Hesabu ya fomu foo: hiyo kalkuleta iweke mbali kuanzia leo

Mdogo wangu yuko fomu foo, Novemba anakaa na pepa la Necta, baraza la mitihani la Tanzania, na wiki iliyopita nikamkuta anafanya pastipepa ya hesabu huku simu iko pembeni anabonyeza kalkuleta. Nikaichukua. Kanuna kweli, ila nikamsomesha maelekezo pale juu ya pepa: kalkuleta hairuhusiwi, simu hairuhusiwi, unaruhusiwa tebo za Necta basi. Sasa mtu amegawanya kwa simu miaka minne, siku hiyo atagawanya na nini?

Kwenye logi, yaani logarithimu, ndo inauma zaidi. Logi ya 47.3, tebo inakupa .6749, unaweka 1 mbele, 1.6749, hapo wengi wako vizuri. Ikija 0.00473 tebo inakupa ileile .6749 ila mbele ni bar 3, yaani hasi tatu jumlisha 0.6749, na mtoto anaandika -3.6749 na kuanzia hapo kila mstari unaofuata umeharibika. Wangu kaikosea mara tatu mfululizo. Tukakaa nayo jioni nzima hiyohiyo, topiki nyingine hatukugusa.

Pepa ni masaa matatu, maswali 14, unajibu yote. Sekisheni A maswali 10 ya maksi sita sita, B manne ya maksi kumi kumi. Gredi ya D inaanzia maksi 30 kati ya 100, chini ya hapo ni F, umefeli, kwahiyo ukiyapata matano ya A yote umeshatoka kwenye F, na ukiongeza swali moja la B, mfano takwimu, uko 40, C ni 45, unaiona hiyo pale. Mi nawaambia hivi wale wanaosema hesabu haipandi: usianze na silabasi nzima ukachanganyikiwa, tafuta topiki sita saba zako, seti, vekta, mfuatano, takwimu, zifanye mpaka ukiamshwa usiku unazifanya, ndo uongeze nyingine.

Na andika njia! Maelekezo yanataka kazi yote ionekane, maksi zinatolewa kwa hatua, jibu la mwisho likikosea bado kuna kitu unapata, ila ukiandika jibu tupu na limekosea huna chochote. Ukikosea piga mstari mmoja uendelee, usifutefute mpaka karatasi inatoboka.

Muda mi nagawa hivi, dakika 10 kila swali la A, 15 kila la B, jumla 160, zinabaki 20 za kurudia uliyoruka na kuangalia kama namba umezinakili sawa kutoka kwenye swali, maana wengi wanakokotoa vizuri kabisa namba ambayo haikuulizwa.

Kitu kingine ambacho wanafunzi wengi hawakijui, Necta wanaweka kwenye tovuti yao ripoti ya uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, bure, swali kwa swali, na picha za majibu yaliyokosewa na yaliyo sahihi. Soma ya hesabu pamoja na pastipepa ya mwaka huohuo, utaona makosa yako mwenyewe yameandikwa na mtu mwingine.

Jumamosi tunakaa tena, pepa zima, masaa matatu, saa mezani, na mama nimeshamwomba asimtume dukani.